Umati Usiokimbia

Malalamiko ya mashabiki wa filamu za mashujaa ni mawili, na kila moja linalikana jingine. Kundi la kwanza linasema filamu hizi zimejaa mzaha: jengo linaporomoka, watu wanakufa, na shujaa bado ana kichekesho mdomoni. Kundi la pili linasema zimenuna kupita kiasi: mvua haikatiki, taa zote zimezimwa, na Batman anaongea kama mtu aliyemeza mchanga. Huku Wusi, katika milima ya Taita, hatuna ukumbi wa sinema. Filamu hupanda mlima kutoka Voi na Mwatate zikiwa ndani ya flashi na simu, zikaishia sebuleni kwa mwenye runinga kubwa. Hata hivyo ubishi unaozifuata ni uleule wa Nairobi: Marvel au DC, kucheka au kununa. Mara nyingi unakatizwa na mtu aliyechoka nao, anayesema kwamba muvi hizi siku hizi zote ni moja.

Kauli hiyo ya mwisho naiamini kuliko ubishi wenyewe. Nisichokubali ni sababu inayotolewa. Wanaosema zote ni moja huwa wanazungumzia toni, na toni ndicho kitu ambacho filamu hizi zimekibadilisha mno. Logan ya James Mangold (2017) imejengwa juu ya kiunzi cha filamu za kikauboi: vumbi, mwanamume aliyechakaa, barabara ndefu, kaburi mwishoni. Mwaka huohuo ilitoka Thor: Ragnarok ya Taika Waititi, yenye rangi kali na vichekesho visivyopumzika. Spider-Man: Into the Spider-Verse (2018) ilichezea hata mwendo wa picha: Miles Morales, ambaye bado anajifunza, katika baadhi ya matukio ametengenezwa kwa picha 12 kwa sekunde ilhali Peter, mzoefu wa kazi, ana 24. Ugeni wa Miles unaonekana mwilini kabla hajafungua mdomo. Nayo Joker (2019) haina shujaa kabisa. Anayedai kwamba hizi zote zina toni moja hajazitazama, au ametazama moja mara nyingi.

Basi ufanano uko wapi? Chukua tukio la mwisho wa Ragnarok, ambalo wapinzani wa mzaha hulitaja kama ushahidi. Nchi ya Asgard inateketea. Wenyeji wake wamejazana ndani ya chombo, wanaitazama kwa mbali. Korg, kiumbe mwenye mwili wa mawe, anawatuliza kwamba maadamu misingi ipo, watajenga upya. Papo hapo misingi nayo inalipuka, na Korg anaomba radhi. Kama kichekesho, kimepimwa vizuri; mimi hucheka kila mara. Kinachonikwaza ni wale watu walio nyuma yake. Wamepoteza makaburi ya babu zao, na kamera inawatumia kama ukuta. Hakuna hata mmoja kati yao anayepewa nafasi ya kuucheka mzaha ule, wala ya kuukataa. Wangeondolewa wote, tukio lisingepungukiwa na neno.

Umati katika filamu za mashujaa una kazi tatu: kukimbia, kutazama juu, na kuokolewa. Kazi hizo hazibadiliki filamu ikicheka wala ikilia. Katika The Dark Knight ya Christopher Nolan (2008) kuna dakika chache ambapo umati unapewa kazi ya nne. Feri mbili zimetegwa mabomu, na abiria wa kila moja wameshikishwa kitufe cha kulipua nyingine. Wanabishana, wanapiga kura, wanaogopa, na hatimaye hakuna anayebonyeza. Hata mashabiki wasioipenda filamu hiyo hulikumbuka tukio hilo. Kisha umati unarudishwa mahali pake, na Batman anaondoka peke yake na pikipiki.

Sisi wa Taita tunaijua sana kazi ya kukimbia. Simba wawili waliowala wafanyakazi wa reli kwenye daraja la Tsavo mwaka 1898 wametengenezewa filamu zaidi ya moja: Bwana Devil ya 1952, iliyotangazwa zaidi kwa picha zake za kumrukia mtazamaji, na The Ghost and the Darkness ya 1996, yake Val Kilmer na Michael Douglas. Hiyo ya pili ilipigwa Afrika Kusini, na mwindaji anayeigizwa na Douglas hakuwahi kuwapo duniani. Si filamu za wenye nguvu za ajabu, lakini zimepangwa kwa ramani ileile: bunduki moja katikati, na mamia ya watu pembeni wakipiga mayowe. Ndiyo maana kila nisikiapo vijana wakisema tutengenezewe muvi ya Mwangeka wa Malowa, aliyewapinga Waingereza milimani kwetu mwishoni mwa karne ya 19, nafurahi na kuwa na wasiwasi kwa wakati mmoja. Mwangeka aliyesimama peke yake juu ya jabali, watu wake wakimtazama kutoka chini, atakuwa Thor aliyevalishwa mavazi ya Kitaita.

Februari 2018 ilileta filamu mbili zinazofaa kuwekwa pamoja. Kisumu ilifanya sherehe ya kuizindua Black Panther ya Ryan Coogler, kwa heshima ya mwigizaji wake Lupita Nyong'o ambaye asili yake ni huko. Mwezi huohuo, kwenye tamasha la filamu la Berlin, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotoka katika mradi wa One Fine Day Films ulioanzishwa na Tom Tykwer na Marie Steinmann. Habari za Kisumu zilijaa magazetini. Supa Modo ilitajwa na jopo la watoto huko Berlin, ikapelekwa na Kenya kugombea Oscar, na mpaka leo nakutana na mashabiki wakubwa wa mashujaa ambao hawajawahi kuisikia.

Ina dakika 74. Avengers: Endgame ina 181. Jo, msichana wa miaka 9 anayeigizwa na Stycie Waweru, ana ugonjwa usio na tiba, na mama yake anamtoa hospitalini amrudishe nyumbani, kijiji cha Maweni. Jo anapenda sinema za ngumi na za mashujaa, na ndoto yake ni kuwa mmoja wao. Mama yake, mkunga, anataka mtoto apumzike. Dada yake Mwix anataka mtoto acheze. Mwix anaanza kwa kumfanya aamini kwamba anaweza kusogeza kitu kwa nguvu ya akili, kisha uongo huo unakua hadi kijiji kizima kinaingia ndani yake. Jo anaamuru wakati usimame, na watu wanaganda walipo.

Hapo inafaa kutua. Kusimamisha wakati ni mbinu kongwe ya filamu za mashujaa, na iliyo maarufu zaidi ni ile ya jikoni katika X-Men: Days of Future Past (2014). Quicksilver, mwenye mbio za ajabu, anakimbia ukutani kwa madaha huku risasi, sufuria na matone ya mchuzi yakielea hewani, na walinzi wamebaki na nyuso zilizokunjamana. Ni tukio la kupendeza na limegharimu kompyuta nyingi. Walinzi wale hawajui kitu. Wao na sufuria ni vyombo vya aina moja: vinasogezwa, vinapangwa, vinachekwa.

Maweni hakuna kompyuta. Wakati umesimama kwa kuwa watu wameamua kusimama. Binadamu aliyebana pumzi hatulii kama jiwe, na jicho la mtazamaji linautafuta mtikisiko: kope, kifundo cha mguu, kichwa kilichoelemewa na mzigo. Katika filamu nyingine mtikisiko huo ungekuwa kosa, kazi ya mhariri kuukata. Hapa ndio unaotuambia kwamba mwenye nguvu ni nani. Jo anadhani nguvu zinatoka mikononi mwake kuwaendea watu, ilhali zinatoka kwa watu kumwendea Jo. Umati ambao Hollywood huufanya uokolewe umekuwa ndio unaookoa, tena bila kupiga hatua hata moja. Walimu wa fasihi wataliita jambo hili kinaya, nao hawajakosea, lakini kinaya cha kawaida humdhalilisha asiyejua. Hiki hakimdhalilishi Jo, kwa kuwa wanaojua ndio wanaotaabika.

Toni nayo inabadilika yenyewe. Katika Ragnarok huzuni inakuja, halafu mzaha unakuja kuifukuza. Ni foleni. Maweni vyote viwili viko ndani ya picha moja, na haviwezi kutenganishwa, kwa sababu kila anayecheza mchezo ule anajua kwa nini unachezwa. Tunacheka watu wazima walioganda sokoni, na kicheko kinakwama kooni kabla hakijaisha, maana wameganda kwa ajili ya mtoto anayekufa. Hakuna aliyehitaji kuzima taa wala kuleta mvua.

Wenye desturi ya utani hawatashangazwa na jambo hili. Katika sehemu nyingi za Tanzania mtani ana ruhusa ya kuja msibani na kuleta vituko: kumwigiza marehemu, kudai fidia ya uongo, kuzuia shughuli mpaka apewe kitu. Hata kwetu, usiku wa matanga haupiti bila mtu kuchekesha wenzake karibu na moto. Hakuna anayesema mzaha ule umeharibu toni. Unaruhusiwa kwa sababu mtani amekuja kubeba sehemu ya mzigo, na asiyebeba kitu akijaribu kichekesho kilekile atafukuzwa. Nadhani hiki ndicho ambacho mashabiki wanakihisi bila kukitaja wanapolalamikia mzaha wa Marvel. Korg ni mgeni Asgard. Anatania kwenye msiba wa watu ambao filamu haijatujulisha nao.

Na kuna jambo jingine ambalo mashabiki wetu wanalisahau wanapobishana kana kwamba wametazama filamu ileile na watu wa London. Kwa miaka mingi wengi wetu hatukuitazama filamu ya kigeni ikiwa tupu. Tuliitazama ikiwa imepitia mdomo wa msimuliaji: DJ Afro kwetu, Lufufu kwa wenzetu wa Tanzania, au VJ Jingo kwa Waganda. Filamu iliyonuna ilitoka huko ikiwa na vicheko, mhalifu wa Kirusi akapewa jina la kijijini, na mtu wa pembeni asiye na neno hata moja akapewa usemi mrefu kuhusu mkewe na deni la duka. Msimuliaji huyo ni sauti ya umati iliyoingizwa ndani ya filamu kwa nguvu. Supa Modo inaujua urithi huo. Mike, anayeonyesha sinema pale kijijini, si pambo, kwa sababu hadithi inaelekea kwake: mchezo wa kudanganya hauwezi kudumu kwa mtoto mwenye akili kama za Jo, na kijiji kinaishia kutengeneza filamu yenyewe, Jo akiwa shujaa wake.

Filamu hiyo ndani ya filamu ndiyo sehemu ambayo ningeitetea mbele ya shabiki yeyote wa Marvel. Mbinu zake ziko wazi: vazi la kushonwa nyumbani, waigizaji ambao tumewajua kama majirani, ujanja wa kumrusha mtoto hewani. Tumeona jinsi kila kitu kilivyofanywa, kwa hiyo hatudanganyiki, na bado tunaamini. Kwa kawaida Hollywood huficha mkono wa fundi ili tuamini. Wainaina anauonyesha, na imani inaongezeka, kwa kuwa tunachoamini si kwamba Jo anaruka. Tunaamini kwamba watu hawa wamemrusha.

Supa Modo si kamilifu. Kijiji kinakubali upesi mno. Ninavyowajua majirani, Maweni ingekuwa na mzee wa kuuliza ni nani ameruhusu jambo hili, mtu wa kutaka alipwe, na mtu wa kufurahia mchezo siku ya kwanza kisha akachoka siku ya tatu. Umati uliopewa uwezo umenyimwa ubishi, na hiyo ni nusu tu ya utu. Ninachokiona kuwa ushujaa wa waandishi, Silas Miami, Mugambi Nthiga na wenzao, ni kwamba pingamizi kali zaidi wamempa mama. Marrianne Nungo, anayemwigiza, hamfanyi kuwa adui wa furaha. Hoja yake ni hoja ya mtu yeyote aliyewahi kuchoshwa na filamu hizi: kwamba mtoto anadanganywa, kwamba hakuna nguvu za ajabu, kwamba muda ni mchache na unapotezwa kwa michezo. Filamu haimcheki wala haimshindi kwa urahisi. Black Panther ilifanya jambo la namna hiyo kwa Killmonger, mpinzani wa mfalme, ambaye hoja yake ilikuwa na uzito kuliko ya mfalme mwenyewe, lakini ilimlazimu kuwa muuaji kwanza. Mama wa Jo hakulazimika kumuua mtu ili asikilizwe.

Nimeitazama tena Supa Modo hivi karibuni nikiwa na vijana wa hapa Wusi, mashabiki wa DC wawili na wa Marvel wengi. Walilalamika kwamba hakuna pambano la maana, na hilo ni kweli. Mmoja, wa boda boda, aliuliza sehemu ya pili inatoka lini. Wenzake walimcheka, maana Jo amekufa na hakuna vito vya kumrudisha kama vile vya Avengers, kisha wakaanza kubishana kwa dhati: ikitengenezwa, nani atakuwa shujaa? Wengi walimtaja Mwix. Mimi nilimtaja mama, wakaniambia muvi hiyo haitauza.