Mgeni Asiyesema: Uhakiki wa Riwaya ya Solaris

Riwaya ya kisayansi ni utanzu ambao wahakiki wetu wameupita kando mara nyingi, kwa kudhani kuwa ni masimulizi ya vyombo na nyota tu. Makala haya yanaichunguza riwaya moja inayoikanusha dhana hiyo, nayo ni Solaris ya mwandishi Mpolandi, Stanislaw Lem, iliyochapishwa mwaka 1961.

Kelvin, mwanasaikolojia, anawasili katika kituo kinachoelea juu ya sayari iliyofunikwa karibu yote na bahari moja iliyo hai. Anakuta kwamba Gibarian amejiua, na wenzake wawili waliosalia, Snaut na Sartorius, wamegubikwa na hofu. Haupiti muda ila anaitambua sababu: bahari hiyo huzichota kumbukumbu zilizozikwa akilini mwao walalapo, ikaziumba ziwe watu. Kelvin anaamka na kumwona Harey, mpenzi wake aliyejiua zamani. Anamtia katika roketi na kumtupa angani. Punde si punde anamjia Harey mwingine, asiyejua lililompata wa kwanza. Hapa hakuna zimwi. Kinachomtisha msomaji ni sura ya mpendwa, na mkono wa mtu mwema unaomfungia mlango.

Lem anawaita viumbe hawa kwa neno la Kipolandi lenye maana ya wageni waliokuja kukaribishwa. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1970 ilitokana na tafsiri ya Kifaransa, si Kipolandi chenyewe, na hata jina la Harey likageuzwa kuwa Rheya. Tafsiri ya Kiingereza ya moja kwa moja ilipatikana mwaka 2011. Mfasiri wa Kiswahili angekuwa na bahati kubwa zaidi, kwani neno letu “mgeni” hubeba maana mbili kwa pamoja: anayekirimiwa na asiyejulikana. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Katika Solaris mgeni haji na dawa, bali huufichua ugonjwa ambao mwenyeji alikuwa ameuficha.

Hata hivyo, yuko mgeni mmoja ambaye msomaji wa Kiafrika hana budi kumsimamia. Mapema katika riwaya, Kelvin anapishana na mwanamke mweusi, mkubwa wa umbo, aliyevaa rinda la majani yaliyosukwa. Ndiye mgeni wa Gibarian. Hana jina wala hasemi neno, na baadaye anaonekana amelala kando ya maiti ya Gibarian katika chumba cha baridi. Msimulizi anamlinganisha na sanamu za kale za majumba ya makumbusho.

Yamkini mtu atatetea kwamba huyu ni zao la akili ya Gibarian, na kwamba aibu ni yake, si ya mtunzi. Utetezi huo una uzito, lakini hautoshi. Harey naye ni zao la akili ya mtu, ila Lem anampa lugha, shaka, uchungu, na hatimaye uwezo wa kuamua kifo chake mwenyewe. Tena, ulinganisho wa sanamu haukutoka kwa Gibarian. Umetoka kinywani mwa Kelvin, na hakuna mahali riwaya inapomtaka autolee hesabu.

Hatusemi kwamba riwaya itupwe. Kinyume chake, ndiyo inayotupa kipimo cha kuihukumu. Lem anaonyesha kwamba mwanadamu huenda mbali akitafuta kioo cha kujitazamia, asitake kumjua asiyefanana naye. Kwa mwanamke huyu, mtunzi mwenyewe ameangukia katika kosa analolishutumu. Basi atakayeitafsiri Solaris kwa Kiswahili aanzie katika Kipolandi, na ukurasa huo autafsiri kama ulivyo, bila kuulainisha, ili wasomaji wetu wauone ukimya wa mwanamke huyo na kuuhoji.