Mchezo wa Noeli na Dhahabu ya Mamajusi

Kila ifikapo Noeli, katika makanisa mengi ya Shinyanga na Geita watoto hucheza mchezo wa kuzaliwa kwake Bwana wetu. Watu wazima hucheka na kupiga makofi, kisha huenda zao. Walakini mchezo huu si wa kuchekesha tu. Ni mafundisho, maana mtu husahau upesi maneno aliyoyasikia, bali aliyoyaona kwa macho hukaa naye. Basi yafaa tuupime kama tupimavyo mahubiri, tukiuliza: Je, wasema kweli? Tena, je, wasema yote?

Tuanze na mapambo. Mara nyingi twaona mti umetiwa vipande vya pamba, kuwa mfano wa theluji. Katika nchi za Ulaya Desemba ni mwezi wa baridi kali. Usiku ni mrefu na mchana ni mfupi, na kwa hiyo taa ya Noeli ina maana kubwa kwao: nuru imekuja gizani. Mfano huo ni mzuri, lakini ni wa kwao. Mtakatifu Luka hakutaja theluji, wala hakutaja mwezi. Sikukuu ya tarehe 25 Desemba twaipata katika maandiko ya Roma ya karne ya nne. Kwetu Desemba ni wakati wa mvua. Mkulima ametoa mbegu ghalani na kuifukia, chakula kimepungua, naye anangojea asichokiona bado. Mtu huyu hahitaji theluji ili aelewe maana ya kumngoja Mwokozi. Na pamba, ambayo ni jasho la Wasukuma, ina heshima yake yenyewe. Haifai kujifanya kitu kingine.

Wachungaji, hao mchezo huwaonyesha vema sana. Wavulana wetu hawahitaji kufundishwa kushika fimbo wala kuita mifugo. Hapo mtazamaji aona wazi kwamba habari njema haikuanzia kwa wakubwa wa mji, bali kwa watu wanaokesha nje na wanyama. Mwalimu asiongeze neno. Aache watoto wacheze wanayoyajua.

Kisha huja wafalme watatu wenye taji za karatasi. Mathayo hakusema kwamba walikuwa watatu, wala hakuwaita wafalme. Amewaita mamajusi, tena asema kwamba waliingia nyumbani, si zizini. Makosa hayo ni madogo. Kosa kubwa ni kwamba dhahabu ikiisha kuwekwa chini, wimbo huimbwa na mchezo huisha. Injili haikomi hapo. Mathayo aendelea kusimulia jinsi Herode alivyoagiza watoto wa Bethlehemu wauawe, wenye miaka miwili na chini yake, na jinsi Yusufu alivyoondoka usiku na mtoto na mama yake kwenda Misri. Makanisa ya mapokeo ya magharibi huwakumbuka watoto hao tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya Noeli.

Pengine mahali pengine sehemu hii yaweza kuachwa. Kwetu haiwezekani. Nchi yetu ni nchi ya dhahabu, na katika nchi hii damu ya watu wasio na hatia imemwagwa kwa ajili ya dhahabu. Tangu mwaka 2007 habari zilienea za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Ziwa, kwa sababu waganga waliwadanganya wachimbaji na watu wengine kwamba viungo hivyo huleta bahati. Mwezi Septemba 2009 mahakama huko Kahama iliwahukumu watu watatu kifo kwa kumwua kijana mmoja mwenye ualbino. Watoto wengi walikimbia makwao, wakapokewa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga. Mamajusi walichukua dhahabu wakaitoa kwa mtoto. Hawa walimchukua mtoto wakamtoa kwa dhahabu. Ni Noeli iliyopinduliwa.

Wako watakaosema kwamba sikukuu ni ya furaha, na mambo ya Herode yatawatisha wadogo. Neno hilo lina haki yake. Wala sisemi kwamba upanga na damu vionyeshwe. Yatosha mama mmoja apite kimya mbele ya watu, amefunga mtoto mgongoni, na mumewe akitangulia, huku taa zimepunguzwa. Kila mtu ataelewa. Na furaha haitapungua, maana si furaha ya kwamba mambo yote ni mazuri, bali ya kwamba Mungu alikubali kuwa mtoto anayewindwa.

Basi, ndugu walimu, mwakani ongezeni sehemu hiyo. Na sisi tunaotazama, tukiisha kuuona mchezo, tujiulize ni mtoto gani kijijini petu asiyeweza kutembea peke yake kwenda shuleni kwa kuogopa watu. Kumsindikiza huyo ni zawadi inayopita dhahabu, na asiye na kitu aweza kuitoa. Yusufu na Mariamu wenyewe walipokwenda hekaluni walitoa sadaka ya ndege, sadaka ya wasioweza kununua mwana-kondoo, nayo ikakubaliwa.