Spika za Bamba na Maneno ya Kuzipima

Mwenye kuhukumu chombo cha sauti ana kazi mbili, wala si moja. Ya kwanza ni kusikia. Ya pili ni kusema alichosikia kwa maneno ambayo mtu mwingine aweza kuyapima kwa sikio lake mwenyewe. Ya kwanza yataka masikio na saburi. Ya pili yataka lugha, na hapo ndipo wengi hukwama. Spika za bamba za bei nafuu ni mfano mwema wa jambo hili, kwa kuwa sifa zake na ila zake hazifichiki.

Spika ya kawaida ni sanduku lenye koni inayosukumwa mbele na nyuma kwa nguvu ya sumaku. Misingi ya umbo hilo ilielezwa mwaka 1925 na Rice na Kellogg, wahandisi wa Marekani. Spika ya bamba haina sanduku: ni utando mwembamba uliowambwa katika fremu, mfano wa ngozi ya ngoma. Mwaka 1957 kampuni ya Peter Walker, huko Huntingdon, Uingereza, ilianza kuuza spika ya Quad ambayo utando wake huendeshwa kwa umeme tuli. Mwaka 1969 Jim Winey wa Minnesota, Marekani, alianzisha kampuni ya Magnepan, akafuata njia nyingine: nyaya zilizogandishwa juu ya utando wa plastiki, na utando huo kuwekwa mbele ya safu za sumaku. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilitoa spika iitwayo LRS kwa dola 650 jozi moja, nayo mwaka 2022 ikafuatwa na LRS+ kwa bei iliyopanda. LRS ina kimo cha sentimita 122 hivi, upana wa 37, na unene usiozidi sana sentimita 2. Aionaye mara ya kwanza humdhania mwenye nyumba kuwa ameweka pazia.

Sifa yake kubwa ni kwamba sauti haitoki katika kitu. Sanduku la mbao, hasa la bei ndogo, hutetemeka pamoja na koni yake na kuongeza mlio wake wenyewe, hata kila mwimbaji akawa kama aimbaye ndani ya kabati. Katika bamba kosa hilo halipo. Sauti ya mwimbaji husimama wima kwa kimo cha mtu. Uzi wa fidla husikika tangu upinde unapougusa. Kinanda hutoa kila noti ikiwa na mwanzo wake na mwisho wake. Zaidi ya hayo, bamba hutoa sauti mbele na nyuma, na ubavuni karibu kimya, basi kuta za pembeni hazipati nafasi kubwa ya kurudisha mwangwi.

Walakini sababu iletayo sifa hiyo ndiyo iletayo na ila. Wimbi la mbele na wimbi la nyuma ni kinyume cha mwenzake. Katika sauti za chini, mfano mitetemo 50 kwa sekunde, wimbi moja lina urefu wa mita 7 karibu. Bamba la sentimita 37 haliwezi kuyatenga mawimbi mawili ya kiasi hicho, nayo yakikutana hufutana. Wahakiki wa Kiingereza husema kwa neno moja kwamba besi yake ni haba. Kiswahili chaweza kusema kwa usahihi zaidi, kwa kuwa kina mvumo na kina kishindo. Mvumo wa zeze kubwa la besi hutambulikana vema katika bamba, noti kwa noti, hata mahali ambapo sanduku rahisi huzichanganya. Kinachokosekana ni kishindo: pigo la ngoma kubwa husikika, lakini halimpigi msikilizaji kifuani.

Hapa yapasa kutahadhari na maneno ya kuazima. Mhakiki wa Kiingereza akiiita sauti nyembamba, ana maana kwamba imepungukiwa na uzito wa chini, na hilo ni lawama. Kwa Mswahili sauti nyembamba ni sauti ya juu, kama ya mtoto, na sauti nene ni ya chini. Hapana lawama yoyote katika maneno hayo. Mfasiri akiyahamisha kama yalivyo, msomaji atadhani spika imebadili sauti ya mwanamume kuwa ya kike. Hata “sauti ya juu” ina utata, kwani yaweza kuwa sauti kubwa au sauti nyembamba. Afadhali kusema kavu, nyororo, ya kukwaruza, ya puani, yenye mvumo, isiyo na kishindo. Haya ni maneno ambayo masikio ya wenyeji yamekwisha kuyajaribu.

Imebaki hesabu ya fedha, nayo haisemwi wazi inavyostahili. LRS hutoa desibeli 86 hivi kwa wati 2 tu, kwa umbali wa mita 1. Na kila nyongeza ya desibeli 10 hudai nguvu mara 10. Desibeli 96 zataka wati 20, na 106 zataka wati 200. Tena mzigo wake ni omu 4, ambao amplifaya dhaifu huuchukua kwa taabu. Yataka pia kusogezwa mbali na ukuta wa nyuma, karibu mita 1, na msikilizaji kuketi mahali pamoja. Mwenye chumba kidogo na amplifaya ndogo, akinunua bamba kwa kuwa ni rahisi, atarudi dukani mara ya pili.

Basi hukumu ya haki si kusema kwamba bamba ni bora au ni duni. Kwa apendaye sauti za watu, nyuzi na kinanda, naye ana nafasi na nguvu ya umeme ya kutosha, ni vigumu kupata ukweli mwingi kama huu kwa fedha hizo. Kwa apendaye ngoma, sanduku lingali na kazi yake. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Na ni wajibu wa mhakiki kueleza, kwa maneno yasiyo na utata, mvungu wenyewe una kina gani.