Majigambo ya Mlima

Kitabu cha James Niehues, The Man Behind the Maps (2019), kimenikalia mezani wiki mbili, na swali moja limekataa kuniacha: anayetafuta mteremko mgumu atausomaje mlima kwenye picha iliyochorwa ili kila mteremko upendeze?

Kwa wasiomjua, Niehues ni yule Mmarekani wa Colorado aliyechora kwa mkono ramani za vituo vya skii karibu 200. Ile karatasi unayopewa bure chini ya lifti, ukaikunja na kuitia mfukoni, huenda ni kazi yake. Aliingia kwenye fani hii miaka ya 1980, akapokea kijiti kwa Bill Brown, ambaye naye alimfuata Hal Shelton. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kipande cha Mary Jane, ule upande wa Winter Park unaosifika kwa matuta. Alikuwa akipiga picha kutoka angani, kisha akiketi na brashi. Mti mmoja mmoja, na kivuli cha kila mti. (Jaribu kuihesabu. Mimi nilichoka.)

Kama uchoraji, sina neno. Theluji yake ina ubaridi.

Ila ramani ni maandishi pia, na maandishi yana msimulizi. Mlima halisi una mgongo: ukisimama mbele, nyuma huoni. Niehues anaugeuza, anauvuta na kuulaza mpaka pande zote zikutazame kwa pamoja. Bila hivyo ramani isingemfaa mtu. Lakini kinachopotea katika kulaza huko ni ukali wa mteremko, yaani kitu chenyewe anachokitafuta mtelezaji mzoefu. Dira nayo hupotea, na ni upande unaotazama kaskazini ndio hutunza theluji nzuri kwa muda mrefu zaidi.

Hapo zinaingia alama: duara la kijani, mraba wa bluu, almasi nyeusi, almasi mbili. Utadhani ni sarufi moja ya Marekani nzima, kumbe kila kituo hujipangia. Almasi maana yake ni ngumu kuliko njia nyingine za mlima uleule, basi. Sasa mtu aliyezoea almasi ya kilima kidogo cha Wisconsin akatua Jackson Hole, kule Wyoming, akaona alama ileile, hapo bwana si suala la ladha tena. Corbet's Couloir, ufa wa mwamba karibu na kilele, unaanza kwa kuruka hewani, na urefu wa mruko hutegemea theluji ilivyolundikana. Kwenye ramani ni kaufa kadogo tu, kucha inakafunika.

Nadhani shida ni ya utanzu. Ramani hizi ni majigambo: mlima unajisifu, na aliyelipa ni kituo. Hatumlaumu mwenye majigambo kwa kutotaja siku alizokimbia. Lakini mkono wa Niehues una uaminifu wake, na hapa ndipo kitabu kilipanishinda hoja. Tazama miamba anayoiacha wazi, pale miti inapochelea kukaribia. Tazama nafasi kati ya njia mbili zenye majina, ambayo haina mstari wowote. Pale ndipo wazoefu hupeleka jicho kwanza, kisha huweka pembeni ramani yenye mistari ya mwinuko na kulinganisha: mistari ikibanana, mteremko ni mkali.

Nilitamani kitabu kiseme zaidi juu ya hili. Maelezo yake yanakaa upande wa sifa, kurasa baada ya kurasa, mpaka milima inaanza kufanana.

Halafu kuna La Grave, Ufaransa, ambako karibu hakuna njia zilizosawazishwa kwa mashine wala theluji inayolipuliwa mapema ili isiporomoke. Wageni wengi huajiri kiongozi wa mlima. Pale sijui msanii angepitisha wapi mistari yake.