Tazama Mguu wa Pili

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye sherehe ya kufunga shule. Watoto wa darasa la pili walipangwa safu nne jukwaani, wakapiga makofi, wakapiga mapaja, wakaimba "Ukuti". Wazazi walisimama kushangilia, na mgeni rasmi akasema watoto hawa wana mdundo. Nilirudi nyumbani nimeudhika, na mpaka leo sijatulia. Mdundo ulitoka kwenye spika iliyowekwa nyuma ya pazia. Watoto waliufuata kama mbuzi wanavyofuata kamba.

"Ukuti" huchezwa kwa duara, mikono imeshikana. Mikono ikiwa na kazi hiyo, mwendo unakaa miguuni. Mwalimu anayewaachanisha watoto ili wapige makofi amevunja mchezo wenyewe. Wimbo wa duara la mikono iliyoshikana haupigiwi makofi, basi.

Kwa nyimbo zinazotaka makofi, usihangaike na mikono. Tazama miguu. Chukua mwendo wa sita, ule wa chakacha. Hesabu moja mpaka sita: mguu unatua kwenye moja na kwenye nne, kofi linalia kwenye moja, tatu na tano. Kwenye moja mguu na kofi vinakutana, na hapo hata asiyejua ataonekana hodari. Kazi iko kwenye nne. Mguu wa pili unatua peke yake, katikati ya kofi la pili na la tatu, hauna pa kuegemea. Mtoto asiyefundishwa atauwahisha uangukie kofi la pili, au atauchelewesha usubiri la tatu. Ukumbini hakuna atakayegundua, maana macho yote yako mikononi na makofi yanalia sawasawa.

Bibi yangu alitufundisha kutua peke yetu bila kulitaja jambo lenyewe. Alituweka wawili kwenye kinu kimoja, akaanzisha wimbo, sisi tukapokea. Mchi wa mwenzako unashuka wako unapopanda. Ukiwahi au ukichelewa, michi inagongana na mkono unakufa ganzi. Tulipozoea, akaongeza: achia mchi hewani, piga kofi moja, udake. Hakutuhesabia hata siku moja. Akisikia tumepotea alikuwa akinyamaza tu, na ukimya wake ulitutia aibu kuliko karipio. Siku hizi unga unatoka mashineni, na sijui mtoto wa mjini atajifunzia wapi kupishana na mwenzake.

Wagogo nao wana njuga. Hukwe Zawose, mwanamuziki wao aliyefariki 2003, alipocheza amezifunga miguuni, kila hatua ilisikika pamoja na sauti yake. Mguu wenye njuga haudanganyi. Mwalimu asiyezipata atoboe vizibo vya soda, avitunge kwenye waya, awafunge watoto vifundoni. Makosa yatajitangaza yenyewe.

Walaghai nimewaona wengi. Mmoja alishinda mashindano kwa kuwaweka mbele watoto watatu wanaojua, walio nyuma akawaambia wachezeshe midomo. Mwingine alipuliza filimbi mwanzo mpaka mwisho, watoto wakawa wanaifuata filimbi na wimbo umesahaulika. Kuna pia wanaofurahia kasi: wimbo unaanza kwa mwendo wa kutembea, ubeti wa tatu watoto wanakimbia, na watu wanasema huo ndio uchangamfu. Wimbo unaokimbia haukufundishwa. Kupiga kifua nako sikubali. Kunamkata mtoto pumzi, na kiitikio kinamtoka nusu.

Jaribio langu ni moja. Watoto wakishakolea, manju anyamaze, na wote waimbe moyoni ubeti mzima huku miguu ikiendelea. Kisha warudi kwa sauti. Waliofundishwa watarudi pamoja, kwenye neno moja, bila kuangaliana.

Mkialikwa kwenye sherehe nyingine, msishangilie mapema. Ombeni spika izimwe, kisha tazameni mguu unavyotua kwenye nne.