Kumlisha Asiyelazimika Kula

Mvua ya Tukuyu ikishika haina haraka ya kukatika, na madereva bodaboda wa kijiweni wanalijua hilo. Wanaegesha pikipiki na kutoa ubao wa drafti. Siku hiyo niliomba kuuazima. Miraba 64 inatosha sataranji, ila vizibo vya soda vilikuwa 24, tukaongezewa 8 na mama wa dukani. Nikaviandika kwa kalamu: mfalme, malkia, farasi. Vitunda, wale askari wa mbele, nikaviacha vitupu.

Nilitaka kuwaonyesha mchezo mmoja wa mashindano ya Mar del Plata, Argentina, 1960: Boris Spassky, miaka 23, na Bobby Fischer, 17. Spassky akatanguliza kitunda cha mfalme, Fischer naye vivyo hivyo. Kisha Spassky akasukuma kitunda cha jirani, kile kinachomkinga mfalme wake ubavuni, akakiweka mdomoni mwa adui.

“Kalisha,” akasema mzee mmoja aliyejibanza pale na mkungu wake wa ndizi. “Huyo sasa lazima ale.”

“Si lazima, mzee. Hapa unaweza kukataa.”

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa Mlima Rungwe umehama.

Namwelewa. Kwenye drafti ukilishwa unakula, na mlishaji anakuburuta kwa kamba ya sheria hadi anapotaka. Ni ufundi, sibishi. Lakini kumlisha mwenye hiari kunataka umjue yeye kabla ya kuujua ubao: njaa yake, ujana wake, kiburi chake. Na gharama unalipa kwanza, mfalme wako akiwa anapigwa baridi.

Fischer alikula. Akaleta kitunda kingine kulinda alichopata. Spassky akakirushia cha pembeni kabisa. Hatua 4 tu, na Spassky, mwenye vyeupe, alikwisha kusogeza vitunda 3 na farasi 1. Hatua ya 29 Fischer akasalimu amri. Mwaka 1961 akaandika makala kudai ufunguzi huo wa kulisha kitunda haufai kitu. Mwaka 1963 akaucheza mwenyewe, akashinda! Hapo ndipo ninapompenda.

Mzee alivirudisha vizibo hadi hatua ya pili, akakaa upande wa Fischer. Kidole chake kikasimama juu ya kile kizibo kitupu. Abiria wa Kiwira akaita. Dereva akamwambia asubiri kidogo.