Fundi Anayelipangia Tone Njia

Katika nyumba nyingi za Tegeta, Bunju, Mbagala na Chamazi, jijini Dar es Salaam, soketi moja ya sebuleni ndiyo inayotegemewa na televisheni, king'amuzi na chaja za simu. Mwenye nyumba akileta tangi la samaki wa mapambo, vinaongezeka pampu ya hewa, chujio na taa. Hapo ndipo fundi umeme anapopimwa, na ufundi wake huo ndio ninaousifu.

Wengi huogopa wingi wa vifaa. Fundi aliyeiva huanza na hesabu. Umeme wetu ni wa volti 230, na soketi yetu ya matundu matatu, tuliyoirithi kwa Waingereza, hubeba ampea 13, yaani karibu wati 3,000. Pampu ndogo ya hewa hula wati chache tu. Chujio na taa ya LED vya tangi la kawaida mara nyingi havizidi wati 20 kila kimoja. Hita, ambayo wafugaji wa Ulaya huitegemea, kwa joto la jiji hili mara nyingi haina kazi, hata kwa samaki wa Ziwa Tanganyika. Jagi la kuchemshia maji peke yake hula wati 2,000 hivi. Basi ekstensheni moja imara, yenye waya wa ethi, inawatosha samaki, mradi jagi na pasi visichomekwe humo, wala ekstensheni isichomekwe juu ya nyingine.

Hatari yenyewe ni maji. Tone likitoka kwenye tangi huteleza juu ya waya mpaka kwenye plagi. Kwa hiyo fundi huifunga ekstensheni ukutani, kando ya tangi, haiachi sakafuni. Kisha kila waya huulegeza ushuke chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuchomekwa. Tone likifika kwenye mpindo ule wa chini, hudondoka. Kazi hiyo haiongezi hata shilingi kwenye bei ya vifaa, lakini inataka mtu aliyekaa akafikiri maji yatapita wapi.

Fundi huyo hadanganywi na fyuzi. Fyuzi ya ampea 13 hulinda waya usiungue. Haimlindi mtu aliyetia mkono majini. Kinachomlinda mtu ni kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, kinachofungwa kwenye bodi ya umeme. Kikihisi umeme unavuja kwa miliampea 30, hukata mara moja. Kiasi hicho ni kidogo kuliko ampea 13 zaidi ya mara 400. Kuna pia plagi za pini mbili, ambazo watu huzilazimisha kuingia kwa kuchomeka kijiti kwenye tundu la ethi. Pini hazishiki barabara, soketi inachemka na cheche zinaruka. Fundi wa kweli huikata plagi hiyo na kufunga ya pini tatu, yenye fyuzi ya ampea 3.

Halafu hukumbuka kwamba umeme utakatika. Pampu ya hewa ikiwa chini ya usawa wa maji, umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwa mpira hadi ndani ya pampu na kumwagikia nyaya. Kwa hiyo huiweka juu ya tangi, au hufunga kwenye mpira vali inayozuia maji kurudi.

Ubora wa ufundi huu ni kwamba unaanza kwa kukubali kuwa maji yatamwagika, umeme utakatika, na mtoto atatia mkono kwenye tangi. Fundi anayejenga kwa ajili ya siku njema tu hajamaliza kazi. Vijana wanafundishwa umeme katika chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, wilayani Temeke, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutoa leseni kwa mafundi waliostahili. Tuwatafute hao, tuwalipe bila kuwapunja, wala tusiwaharakishe wanaposimama kuutazama ukuta kabla ya kutoboa. Nawe msomaji, ikiwa bodi yako ina RCD, bonyeza leo kitufe chake cha majaribio. Isipokata umeme, chomoa vifaa vya tangi kabla ya kugusa maji, kisha mwite fundi.